Jina la saba kwenye kikao cha bei ya zabuni: naombeni ushauri

Mhasibu wa Arusha (mwanzisha uzi):
Habari zenu. Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya ujenzi. Jumatatu tulikutana kwa Zoom kupanga bei ya zabuni; tulialikwa sita, lakini nilipotazama orodha ya waliohudhuria nilikuta majina saba, na la saba liliandikwa "iPhone" tu. Kiungo chetu cha kuingilia kikaoni (link) ni kilekile cha kila wiki tangu mwaka 2022, na tangu hapo watu watatu wameacha kazi kwetu. Mishahara ya mafundi wetu inategemea zabuni hii, kwa hiyo naombeni mnielekeze pa kuanzia.

Fundi Mitambo:
Pole sana, ndugu. Kiungo cha kudumu ni sawa na ufunguo wa ofisi ambao aliyeacha kazi hakuurudisha. Tengenezeni kiungo kipya kwa kila kikao cha siri, washeni chumba cha kusubiri, ambamo kila anayeingia hungoja hadi mwenyeji amruhusu, na anayejitokeza kwa jina la "iPhone" apigiwe simu ajitambulishe kabla ya kuruhusiwa. Wote wakishaingia, mlango wa kikao ufungwe ili asiingie mwingine. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani kuficha mazungumzo ili yasomeke na washiriki tu, ambao Zoom waliuanzisha Oktoba 2020, ni mzuri, lakini haumzuii mtu aliyepita mlangoni.

Mama Mikataba:
Naomba niongeze programu za kuandika muhtasari, ambazo wengi huzisahau. Mshiriki mmoja akiiunganisha na kalenda yake, huingia yenyewe kikaoni, hunakili maneno yote, na baadhi hutuma muhtasari kwa kila aliyealikwa, hata yule aliyetoka kabla bei haijatajwa.

Msomaji wa Tanga:
Hata wakubwa yamewakuta. Novemba 2020 mwandishi wa habari wa Uholanzi, Daniël Verlaan, aliingia kwenye kikao cha mawaziri wa ulinzi wa Umoja wa Ulaya, kwa sababu picha iliyowekwa Twitter ilionyesha tarakimu tano kati ya sita za nambari ya siri ya kuingilia kikao hicho. Mwaka 2024 yalinaswa mazungumzo ya maofisa wa jeshi la anga la Ujerumani, na wizara yao ikaeleza kwamba mmoja wao alijiunga akiwa hotelini Singapore kwa njia isiyo salama. Kwa hiyo msipige picha skrini, na aliye mgahawani au hotelini asijiunge mpaka apate mahali pa faragha na mtandao wa kuaminika.

Mhasibu wa Arusha:
Asanteni sana. Kiungo cha zamani nimekifuta sasa hivi. Zabuni inafungwa Ijumaa, na bei tutaipanga upya kesho asubuhi, ana kwa ana, ofisini.