Naomba ushauri: niende masomoni sasa au nimalize andiko kwanza?

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, mwaka wa 4 sasa, katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Muhula huu nafundisha kozi 3, na mojawapo ina wanafunzi zaidi ya 400. Ninapoandika haya, vijitabu vya majibu viko chini ya meza, mafungu 7 yaliyofungwa kwa kamba, nami nimesahihisha 2 tu. Mkuu wa idara ameniambia nafasi ya kwenda kusoma uzamivu ipo, lakini nina andiko ambalo wahakiki wa jarida walinirudishia tangu Februari na sijaligusa. Kinachoniumiza ni kwamba kazi inayonimalizia muda wote naiona haina uzito siku ya kupimwa. Niombe ruhusa ya masomo sasa, au nibaki mwaka mmoja?

Jibu la 1
Pole kwa mzigo, mwalimu. Nenda. Katika ngazi yako, kinachokuvusha kuwa mhadhiri ni uzamivu. Machapisho yatakubana zaidi utakapoutafuta uhadhiri mwandamizi. Mimi nilibaki mwaka mmoja, ikawa 3, maana kila aliyeondoka aliniachia kozi yake. Kabla ya kutia saini mkataba wa masomo, soma kipengele cha kurudi kulitumikia chuo na uulize habari ya mshahara, ujibiwe kwa maandishi.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila kufundisha kuna uzito kukiandikwa. Wengi wetu tunajaza PEPMIS, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kwa mkupuo dakika za mwisho, kama tulivyozoea fomu za OPRAS zilizoutangulia, tukaandika "kufundisha" basi. Andika kila wiki: vipindi vingapi, vijitabu vingapi, wanafunzi wangapi unawasimamia utafiti. Na nakusihi, usikimbilie jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya wiki moja ukilipa. Kamati makini ya kupandisha vyeo italikataa, na fedha yako haitarudi.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Jumatatu nitamwona mkuu wa idara. Je, naweza kumwomba mwenzangu arekebishe sehemu ya takwimu, awe mwandishi wa pili?

Jibu la 2
Unaweza, mradi mchango wake uwe wa kweli na mkubaliane kwa barua pepe kabla hajaanza. Mwarifu pia mhariri wa jarida, kwa sababu jina linaongezwa baada ya andiko kuhakikiwa.