Naomba ushauri: maoni kuhusu huduma za wazee

Habari zenu wakubwa. Huku mtaani kwetu Makorora, Tanga, tunakusanya maoni ya kuboresha taratibu za huduma kwa wazee, na kalamu nimekabidhiwa mimi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na suala la matibabu bure limo. Shida iko dirishani: bibi yangu anaonyesha kitambulisho, anamwona daktari vizuri tu, kisha anaambiwa dawa ya presha imeisha, akanunue nje. Bure gani hiyo? Wenzangu wanataka tudai kwanza pensheni, kama Zanzibar wanavyowapa wenye miaka 70 tangu 2016. Mimi nasema dawa kwanza. Mliowahi kuandika maoni ya hivi, niyapangeje yasiishie kabatini? Na wazee wasiotoka ndani niwafikieje?