Uchawi wa bure hauna utamu

*Kikundi: Vitabu, Katuni na Gemu*

Salma: Jamani habari za jioni. Nimemaliza riwaya ya A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin. Nina neno, na ni refu.

Hamisi: Lete dada yangu. Huyo mama namheshimu sana.

Juma: Mimi sijakisoma. Mwisho usitaje, tafadhali.

Salma: Mwisho siugusi. Nasema kilichonishika tu. Kitabu ni cha 1968, na kina jambo ambalo waandishi wengi wa leo wanalikwepa: uchawi unadai. Ged, kijana anayesomea uchawi, ana kipaji kuliko wenzake pale shuleni, kisiwa cha Roke. Anatambiana na kijana mwingine, anaita roho ya marehemu ili tu aonekane yeye ndiye yeye. Ufa unafunguka, kinatoka kivuli, kinamrarua uso. Mkuu wa shule anamaliza nguvu zake zote kuuziba ule ufa, na anakufa. Mzee wa watu kafa kwa majigambo ya mtoto! Tangu hapo kila Ged anapotaka kunuiza kitu anasita, na mimi msomaji nasita naye.

Hamisi: Na lile somo kwamba mvua ukiileta Roke, huenda umeleta ukame kisiwa kingine, Osskil. Hakuna kinachotoka hewani bure. Mimi hapo ndipo aliponinasa.

Dotto: Nawasikia, lakini msiwafanye wengine kama hawajui hilo. Brandon Sanderson kwenye riwaya yake Mistborn ya 2006 kaweka gharama tena kwa utaratibu mzuri. Unameza metali, unaichoma tumboni, kila metali ina nguvu yake, ikiisha umekwisha. Mhusika akiokoka unajua kaokoka vipi.

Salma: Dotto, hayo ni mafuta, si gharama. Mafuta yakiisha unajaza. Gharama ni kile ambacho hurudishiwi.

Juma: Eeh, hapo umesema.

Dotto: Subiri Juma, usipige makofi mapema. Kanuni zina kazi kubwa. Kwenye vitabu visivyo na kanuni, shujaa akibanwa kidogo tu mwandishi anamchomolea nguvu mpya ambayo hatukuwahi kuisikia. Sanderson aliliandikia hilo mwaka 2007: kadiri msomaji anavyouelewa uchawi, ndivyo mwandishi anavyopata haki ya kuutumia kutatua matatizo. Mimi nakubaliana naye kabisa. Vin, shujaa wa Mistborn, akiwa vitani unaweza kupiga hesabu kabla hajaruka. Hiyo raha Earthsea hainipi.

Salma: Hiyo raha ipo, sibishi. Nasema ni raha ya fumbo kufumbuka. Ged hanipi hesabu, ananipa hofu. Mimi nachagua hofu.

Hamisi: Wote mna hoja. Ila tazameni huu uchawi wa mafuta ulivyozaa. Jack Vance, The Dying Earth, 1950: mchawi anabana vinuizo vichache kichwani, akikitumia kimoja kinafutika mpaka akisome upya. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ulipotoka 1974 ukauchukua utaratibu huo kwa sababu mchezo unahitaji mipaka. Baadaye gemu za kompyuta zikaleta ule mstari wa bluu unaoonyesha nguvu za uchawi zilizobaki. Unapiga moto, mstari unashuka, unakunywa kichupa, unapanda, unaendelea. Mchawi wa namna hiyo hajawahi kupoteza chochote maishani mwake. Na nasema hivyo nikiwa mtu ninayependa gemu.

Neema: Kaka Hamisi hapo nakukatiza. Gemu si mstari wa bluu tu. Mmecheza Shadow of the Colossus?

Juma: Nimeisikia tu.

Dotto: Ile gemu ya PlayStation 2?

Neema: Ya 2005, ndiyo. Ilitengenezwa upya kwa PlayStation 4 mwaka 2018. Mwisho siutaji, msiogope. Kijana anamleta msichana aliyekufa kwenye nchi iliyokatazwa. Sauti kutoka juu inamwambia: ua majitu 16, huenda akafufuka. Basi. Hakuna vijiji, hakuna maadui wadogo wadogo wa kujipasha nao moto, ni wewe, farasi na uwanda mtupu. Unatembea muda mrefu bila neno, kisha unakuta jitu kubwa kama jengo, na baadhi yake wala hayakuwa na shida na wewe. Wewe ndiye uliyekwenda kuyachokoza.

Neema: Sasa sikilizeni. Unalipanda, unashikilia manyoya, pedi inatetemeka mkononi, muziki wa vita unapanda, unachoma upanga. Jitu linaanguka. Gemu nyingine hapo zingekupigia tarumbeta. Hii inakupigia wimbo wa msiba. Halafu nyuzi nyeusi zinatoka kwenye mwili wake, zinamwingia kijana, anazimia. Ukiendelea hivyo, mtazameni sura: ngozi inapauka, michirizi ya giza inajitokeza. Hakuna mtu anayekuambia unaharibika. Hakuna namba kwenye skrini. Unaona mwenyewe, na bado unakwenda kuua la pili, kwa sababu ukitaka hadithi iendelee huna njia nyingine. Ged alifanya kosa yeye, mimi nikasoma. Haya majitu niliyaua mimi kwa vidole vyangu. Kitabu hakiwezi kunifanyia hivyo.

Salma: Neema, umenifanya nitake kucheza gemu, na mimi si mchezaji.

Dotto: Nakubali hiyo ni gharama halisi. Hiyo sijazi mafuta.

Zuhura: Nimechelewa, nimesoma yote sasa hivi. Mbona katuni mmezisahau? Howl's Moving Castle!

Salma: Kitabu au filamu?

Zuhura: Filamu, ya Miyazaki, 2004. Kila mchawi Howl akigeuka ndege kwenda vitani, kurudi kuwa mtu kunazidi kuwa kugumu. Calcifer, lile pepo la moto analoishi nalo, linamwonya wazi kabisa. Huhitaji maelezo ya kanuni, unamwona ameketi hana nguvu, manyoya bado yamemshika. Na Sophie, msichana aliyelogwa akawa bibi kizee, umri wake unabadilika ndani ya tukio moja: akilala ni msichana, akisema ukweli wa moyo wake mikunjo inapungua, akijidharau mgongo unapinda tena. Hakuna sentensi itakayofanya hivyo bila kukuchosha. Mchoraji anabadilisha mistari kidogo na umeelewa.

Salma: Hapo sikubali yote. Kitabu cha Diana Wynne Jones cha 1986 nakipenda zaidi, kwa sababu moja: Sophie wa kitabuni ni mchawi mwenyewe bila kujijua. Anaongea na kofia na fimbo, na maneno yake yanavipa uhai. Filamu imemnyang'anya hilo, ikaweka vita badala yake. Sophie wa filamu ni mwema sana, lakini mambo mengi yanamfika tu. Wa kitabuni ana ulimi, na ulimi wake ndiyo nguvu yake.

Zuhura: Vita ile ina maana yake. Miyazaki alisema wazi kwamba vita vya Iraki vilimkasirisha wakati anaitengeneza. Angebakisha hadithi ya kitabuni kama ilivyo, lile swali la mtu mwenye kipaji anayetakiwa na serikali akaue lisingekuwepo. Kwangu hilo ndilo zito kuliko yote kwenye ile filamu.

Salma: Uzito nauona. Namlilia Sophie tu.

Hamisi: Mkiniuliza mimi, ni kazi mbili zenye jina moja. Zisipimwe kwa mizani moja.

Juma: Mimi nimekaa kimya ila na mimi nina yangu. Gemu ya Tales of Kenzera: Zau, 2024. Imetoka kwa Abubakar Salim, yule mwigizaji aliyempa sauti Bayek, shujaa wa gemu ya Assassin's Creed Origins. Alimpoteza baba yake, na gemu nzima imejengwa juu ya msiba huo. Zau ni mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, anamwambia: nirudishie baba, nitakuletea roho kubwa tatu. Kalunga anakubali na anafuatana naye safari yote. Na unaweza kuweka sauti za Kiswahili! Niliziweka tangu mwanzo. Zau akimlilia baba yake kwa Kiswahili, maneno yanakufika bila kupitia popote.

Neema: Nimeicheza. Mapigano yake kwangu ni ya kawaida, kubadili vinyago vya jua na mwezi kunachangamsha lakini maadui wanajirudia.

Juma: Kwenye maadui sikupingi. Lakini mazungumzo ya Zau na Kalunga! Kifo si bosi wa mwisho wa kupigwa. Ni mzee anayetembea nawe, anakuuliza maswali, anakungoja ukihema. Dada Neema, umesema kijana wa Shadow naye anataka kumrudisha marehemu. Ni ombi lile lile. Mmoja kapewa sauti inayomtumia, mwingine kapewa mzee anayemfundisha.

Neema: Aisee. Hilo sikuwa nimeliwaza. Na Ged pia, kosa lake ni kumwita marehemu.

Zuhura: Kazi tatu, wote wanagonga mlango ule ule.

Dotto: Basi nami niseme. Nilikuwa nauliza uchawi unafanyaje kazi. Nyinyi mnauliza mtu anautakia nini. Bado nataka kanuni zangu, siziachi. Lakini Salma, hicho cha Earthsea nitakisoma.

Salma: Nitakupa nakala yangu. Kanuni zako utazikuta humo: ukijua jina la kweli la kitu, una mamlaka juu yake. Kwa hiyo hakuna mtu anayetaja lake ovyo.

Dotto: Kumbe! Mbona hukuanza na hilo?

Juma: Na mimi nakitaka akimaliza yeye.

Hamisi: Mimi nakwenda kitabu cha pili cha Earthsea, The Tombs of Atuan, cha 1971. Kina msichana anayenyang'anywa jina lake angali mtoto ili awe kuhani wa gizani. Salma, tusome pamoja?

Salma: Tusome. Tukutane hapa tukifika Ged anapotokea, si kabla.

Neema: Na Shadow nani anaanza? Nina diski, nipo tayari kuazima.

Zuhura: Mimi. Ila kaa karibu na simu, nikikwama kwenye jitu la kwanza nakupigia.