Gumzo la familia ya Mombasa, "Wajukuu wa Ndia Kuu": Salma asomee nini?

IJUMAA USIKU

Baba Salma: Assalaam aleikum jamaa. Salma amepata C ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, alhamdulillah. Maombi ya vyuo kwa KUCCPS yako wazi na mwenyewe ataka usanifu wa ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeshapanga uhasibu. Nipeni rai zenu kabla hatujabonyeza.

Shangazi Rukia: Waaleikum salaam. Hongera mwanangu 🌹 Huo usanifu wa ndani ndio kupamba? Maanake mapazia na mito ya harusi mimi napamba, na cheti sina.

Salma: Shikamoo shangazi. Kupamba kumo, lakini huja mwisho. Kwanza wapima chumba, wachora, wajua mtu atapita wapi, taa ikae wapi, hewa iingie upande gani itokee upande gani. Pazia ni baada ya hayo.

Shangazi Rukia: Marahaba.

Ami Twaha: Mimi nimo kwenye ujenzi mwaka wa 19 huu, wacheni niseme. Rukia, wakumbuka makabati yako ya jikoni, yale meupe?

Shangazi Rukia: Usinikumbushe! Miaka 2 tu milango ikafura kama mahamri.

Ami Twaha: Yalikuwa chipubodi. Ile ni mbao iliyosagwa ikashikwa na gundi. Ikishakunywa unyevu wa huku kwetu hairudi tena. Na bawaba zilikuwa chuma cha kawaida, chumvi ya bahari ikazila. Aliyekuchorea alikuwa na picha nzuri kwenye simu, hakujiuliza nyumba iko mji gani. Kwa hapa ni mvule, au plaiwudi ya kuhimili maji, bawaba za stenlesi, na nyuma ya kabati uache upenyo wa hewa. Hayo ndiyo anayotaka kuyasomea huyu mtoto. Mimi nimeyajua kwa kubomoa na kujenga upya, kwa pesa za watu.

Shangazi Rukia: Na ile kaunta! Nikikata vitunguu mabega yanipanda masikioni.

Salma: Shangazi, kaunta nyingi hujengwa sentimita 90 hivi, ni kipimo cha mtu wa kimo cha kati. Yako yapasa ipimwe kwako: ukunje mkono, kisha ushuke sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Kwa kimo chako nadhani 82 au 83 ingetosha.

Shangazi Rukia: Miaka yote nadhani ni baridi yabisi 😳

Baba Salma: Yote nimeyasikia. Langu ni kazi. Mhasibu kila ofisi yamtaka. Huyu ataajiriwa na nani?

Nassir (Nairobi): Shikamoo ami. Niseme nililoliona mimi niliyetangulia kwenye fani hii. Kwa C hawezi kuingia digrii moja kwa moja, huko wataka C+. Diploma ni C- kwenda juu, basi hapo amepita. Akimaliza vizuri ataomba kuendelea. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kina digrii ya ubunifu yenye mkondo wa ndani ya nyumba. Na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hukopesha wa diploma pia, si wa vyuo vikuu peke yao.

Nassir (Nairobi): Kazi zipo kwenye ofisi za wasanifu majengo, kwa watengenezaji samani, kwa wakandarasi. Na pwani kuna mahoteli. Kuanzia Diani hadi Malindi, nyingi hukarabati vyumba kati ya Aprili na Juni, mvua ya masika inaponyesha na wageni wamepungua. Lakini ami sitakuficha, mwanzo ni mgumu. Mwaka wangu wa kwanza tajiri hakunipa sebule hata moja. Kutwa nachora vyoo na ngazi kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea.

Ami Twaha: Na ajue mpaka wake. Asijiite msanifu majengo, jina hilo lina sheria yake, Sura 525, na bodi ya kusajili. Akitaka kuondoa ukuta amwite mhandisi kwanza, atazame kama umebeba kitu.

Nassir (Nairobi): Kitakachomfungulia milango ni jalada la kazi, yaani mkusanyo wa michoro yake. Kurasa chache tu, lakini za mkono wake. Picha za kuokota mtandaoni huonekana upesi.

Salma: Jalada sina kaka. Shuleni kwetu somo la uchoraji halikuwepo.

Bibi (sauti, ameiandika Zuhura): "Wanangu, mwatafuta nje kilichomo ndani. Nyumba hii ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaona vyumba virefu vyembamba mwasema ni ushamba wa zamani. Boriti ndiyo iliyoamua. Mti wa mkoko ukiutandaza dhiraa sita, ukiuzidisha wapinda, basi chumba huishia hapo. Madirisha yapokea kusi. Mlangoni pana daka, kiukumbi cha kuingilia, mgeni akibisha asimuone mtu wa ndani. Halafu kuna fundi alikuja akatupakia ukuta rangi ya plastiki, mwaka haukwisha ukatoka malengelenge. Mawe haya hunywa maji yakayatoa. Ukiyaziba pumzi, yatema rangi. Salma aje aipime."

Ami Twaha: Umesema mama. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kugusa uso wa nyumba ni mpaka idhini. Kupima idhini ni yako tu.

Nassir (Nairobi): Salma, sikiza. Pima kila ukuta, kisha pima mshazari, kona hadi kona, mara zote mbili. Nyumba za mawe kona zake si mraba. Unene wa ukuta upimie mlangoni. Uchore kwa 1:50, yaani kila mita ni sentimita 2 kwenye karatasi.

JUMAMOSI, BAADA YA ALASIRI

Salma: [picha 4]

Salma: Chumba cha mbele. Upana mita 2.71, urefu 7.30. Mshazari mmoja 7.74, wa pili 7.83. Ukuta sentimita 52! Boriti 24. Zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, 6, hakuna viwili vilivyo sawa.

Nassir (Nairobi): Usivisawazishe. Chora kila kidaka kilivyo.

Salma: Nimechora. Bibi asema kile cha juu kabisa ni cha msahafu, kiliwekwa pale mkono wa mtoto usikifikie.

Baba Salma: Dari uliipimaje?

Salma: Nilipanda meza, Bibi akanishikia futi chini. Mita 3.40.

Baba Salma: Nimeutazama huo mchoro tangu saa kumi. Nimelala chini ya boriti hizo miaka 20 na sikuwahi kuzihesabu. Haya, diploma ya usanifu wa ndani iwe chaguo la kwanza. Uhasibu uweke la mwisho, nami niwe nimesikizwa.

Salma: Ahsante baba. Ahsante sana.

Ami Twaha: Jumatatu saa 2 asubuhi nikukute saiti, Nyali. Viatu vya kufunika vidole. Twafunga dari ya jipsamu, utaona vyuma vyake kabla havijafichwa.

Shangazi Rukia: Akitoka huko apite kwangu na hiyo futi. Nitampikia, na tuipime kaunta.