Nepi za mapacha: kikundi cha Nyumbani Katumba

JUMATANO

06:12 Bupe: Mugonile mwesa. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho, msiweke dole gumba tu mkapita. Nimelala kwa mama siku mbili. Mvua haijakatika tangu Jumapili. Mapacha wa Neema wanachafua nepi ishirini na kitu kwa siku na za Jumatatu mpaka sasa ni mbichi. Jana Neema amewafunga watoto khanga.

06:14 Bupe: Na kuna jambo limeninyima usingizi. Usiku nimeamka kwenda msalani nikakuta jiko la mkaa linawaka chumbani kwa Neema, nepi zimezunguka juu ya viti, dirisha limefungwa na tambara limeziba chini ya mlango. Watoto wana wiki tatu.

06:17 Bupe: Kwa hiyo. Jiko litoke chumbani leo. Tununue feni. Na baraza la nyuma liezekwe kabla ya Jumamosi kuisha, nguo zipate pa kukaa. Kila nyumba elfu 25. Mtume kwangu, sio kwa Anyisile.

07:50 Shemeji Bakari: Shikamooni wakwe zangu. Feni?? Tukuyu?? 😂 Siku ya mahari nililala na makoti mawili, leo mnamnunulia mama mkwe feni?

07:51 Ipyana: 😂😂😂

07:51 Ipyana: Mwenye duka atauliza bibi anahamia Dar lini

07:58 Shemeji Bakari: Kwetu Tanga ukimaliza kuanika ya mwisho, ya kwanza imeshakauka. Mleteni mama huku pamoja na wajukuu na hizo nepi

08:03 Tusekile: Baba Rehema, utani baadaye. Dada endelea, niko kazini lakini nasoma.

08:20 Bupe: Shemeji cheka lakini sikiliza. Nguo haikauki kwa joto peke yake, inakauka kwa hewa inayopita. Ukifunga chumba ukawasha mkaa, maji yanatoka kwenye nepi yanabaki humo humo, hayana pa kwenda. Ukuta wa chumba cha Neema ukiugusa mkono unalowa. Nyuma ya kabati kumeota kuvu jeusi, na watoto wanavuta hewa hiyo hiyo.

08:26 Bupe: Feni ya kusimama inakula kama wati 55. Ikizunguka saa kumi hata uniti moja haifiki. Kwa 356 kwa uniti hiyo ni kama shilingi mia mbili. Ile hita anayoitaka Anyisile ni wati 2000. Saa kumi ni uniti 20, elfu saba na mia moja imeondoka kwa usiku mmoja!

08:31 Anyisile: Sikusema naitaka dada. Niliuliza bei.

08:32 Bupe: Basi umejibiwa.

09:15 Neema: Shikamoo dada. Nimefanya kama ulivyonionyesha. Nimeviringisha kila nepi ndani ya taulo kavu nikaikanyaga kwa miguu. Taulo nimelikamua, limetoa maji karibu nusu jagi, na hizo nepi nilishazikamua kwa mkono hadi nikachoka. Nimetundika moja moja kwenye henga zisigusane.

09:16 Neema: Ila kamba haina pa kushika. Nimefunga kwenye msumari wa picha ya baba.

09:17 Tusekile: Picha ya baba iko wapi?

09:17 Anyisile: Neema picha umeiweka wapi?

09:20 Neema: Ipo salama shemeji. Nimeifunga kwenye khanga mpya, iko juu ya kabati.

09:21 Tusekile: Juu ya kabati lenye kuvu?

09:22 Neema: La sebuleni wifi.

09:23 Tusekile: Haya. Asante.

09:40 Bupe: Tumetoka kwenye nepi tumeenda kwenye picha. Turudi. Baraza la nyuma mbao ziko imara, nimepanda mwenyewe nikazijaribu. Tunahitaji mabati nane, mawili yawe yale ya plastiki yanayopitisha mwanga. Pembeni tusizibe. Upepo upite, matone yasifike. Hata mvua ikinyesha wiki nzima nguo itaanza kukaukia pale, ndani inakuja kumalizikia tu.

09:52 Tusekile: Mabati ya nini kununua? Yapo yale kumi na manne yaliyobaki msibani. Lusajo anajua yalipo.

09:53 Anyisile: Ujumbe huu umefutwa

09:55 Bupe: Tusekile, hilo tuliache leo.

09:58 Tusekile: Tumeliacha miaka sita dada. Mama alituambia ni ya kuezekea jiko lake. Jiko mpaka leo lina nyasi. Lile banda la Kiwira limeezekwa na nini?

09:59 Ipyana: Naona watu wanaandika, wanafuta, wanaandika 🙈

10:00 Bupe: Ipyana nenda darasani.

11:34 Atupele (Leeds): Habari za huko wapendwa, huku ndio tumeamka. Poleni na mvua. Watu wanaisema Uingereza kwa mvua, lakini London kwa mwaka hata milimita 700 haifiki, wakati Tukuyu inapita 2,000. Ninyi ndio mna mvua.

11:37 Atupele (Leeds): Kuanika ndani ndio maisha yetu kipindi chote cha baridi. Mwaka wa kwanza nilianika chumbani na madirisha nikayafunga kwa kuogopa baridi. Kufika Februari koti langu la kanisani lilikuwa limeota ukungu kabatini, na kifua kinabana kila usiku. Sasa nguo zote ziko chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha limeachwa upenyo wa vidole viwili. Baridi inaingia kidogo, lakini unyevu unatoka. Dada Bupe yuko sahihi.

11:38 Atupele (Leeds): Na msifue zote Jumamosi. Fueni kidogo kila siku. Mzigo mmoja wa nguo mbichi unaweza kumwaga lita mbili za maji ndani ya nyumba. Hebu fikirieni mtu anamwagia kitanda chenu lita mbili.

11:40 Shemeji Bakari: Kwa Ipyana hiyo ni kawaida alipokuwa mdogo 😂

11:41 Ipyana: Mjomba 😭😭

11:41 Ipyana: Jamani nilikuwa na miaka minne

12:10 Bupe: Nasubiri elfu 25. Mpaka sasa nimepokea ya Atupele na ya Tusekile.

14:05 Baba Mkubwa Ambakisye: Ndugu zangu. Naandikiwa na mjukuu. Amenisomea yote.

14:06 Baba Mkubwa Ambakisye: Jiko lililolala chumbani na watoto, nani aliliingiza?

14:09 Neema: Shikamoo Baba Mkubwa. Ni mama. Baridi ilikuwa kali sana na watoto walikuwa wanalia. Nami sikumzuia.

14:15 Baba Mkubwa Ambakisye: Marahaba. Mwambie shemeji yangu nimesema mimi. Yeye anakumbuka ya nyumbani kwa Subilaga. Walilala wanne. Waliweka jiko ili blanketi la mtoto likauke. Asubuhi mlango nimeuvunja mimi. Hapakuwa na moshi wala harufu, na mkaa ulishakuwa majivu. Walikuwa kama watu waliolala. Nilimtoa wa mwisho mikononi mwangu, na ninyi wengi hamjazaliwa.

14:18 Baba Mkubwa Ambakisye: Jiko halilali na watu kwenye nyumba ya mdogo wangu. Mabati mtajua wenyewe. Leo mtu asipande kitandani kabla halijatoka.

14:44 Neema: Limetoka Baba Mkubwa. Liko nje chini ya mwembe, mama amelitoa kwa mkono wake. Hajasema neno.

14:46 Baba Mkubwa Ambakisye: Ndaga fijo mwanangu.

15:02 Shemeji Bakari: Shikamoo Baba Mkubwa. Shemeji Bupe nimekutumia elfu 50. Naomba radhi kwa maneno ya asubuhi.

15:10 Bupe: Imefika shemeji. Mungu akubariki.

16:20 Neema: Nepi za jana nimezipeleka jiko la kuni, nimezitandaza juu ya uchaga wa mahindi. Kule paa linapitisha hewa. Zinanuka moshi lakini zimekauka kabisa, kumi na moja.

16:24 Bupe: Vizuri sana Neema. Zianike kidogo barazani harufu ipungue, kisha zipige pasi zote. Pasi inamalizia unyevu uliobaki kwenye mishono. Tena kuna yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi za nje kivulini, funza wake anaingia ngozini. Ipyana anakumbuka mgongo wake ile likizo ya Kyela.

16:25 Ipyana: Shangazi leo nimekukosea nini 😭

16:26 Bupe: Hujanikosea. Nataka mapacha wasilie kama ulivyolia wewe.

18:30 Bupe: Waliotuma: Atupele, Tusekile, Shemeji Bakari. Anyisile ameahidi mwisho wa mwezi. Waliosoma wakanyamaza nawaona, ni kumi na mmoja. Fundi nimemwambia Jumamosi saa mbili asubuhi.

20:48 Lusajo: Nimesoma yote. Nilikuwa barabarani natoka Tunduma. Feni isinunuliwe, ipo moja dukani kwangu, nitaleta.

20:49 Tusekile: Na mabati?

20:57 Lusajo: Mabati tutaongea mama akiwepo, sio huku.

20:58 Bupe: Unafika lini Lusajo?

20:58 Bupe: Fundi anakuja Jumamosi, saa mbili.

21:15 Bupe: Lusajo?

21:32 Neema: Samahani dada. Mama anauliza, feni ikija inakaa upande gani?

21:36 Bupe: Upande wa mlango, ielekee dirishani, nguo ziwe katikati. Dirisha liachwe wazi kidogo, mlango ufungwe. Kwa hiyo chumba chako kiwe cha nguo, na wewe na watoto mhamie kingine. Wasilale na upepo wala na nepi mbichi.

21:38 Neema: Chumba kingine kilichopo ni cha baba. Mama hajawahi kukifungua tangu.

21:45 Anyisile: Nikipata ruhusa kazini kesho nitakuja. Nitakaa na mama.

21:46 Tusekile: Usimfungulie bila yeye kusema.

21:50 Bupe: Hakuna anayefungua kitu. Nitampigia Baba Mkubwa asubuhi kwanza. Neema, leo laleni sebuleni, mjifunike mablanketi yote mawili.

21:52 Neema: Sawa dada. Mama ndiye anayatandika sasa hivi.