Apu ya simu inasema mwanangu yuko nyuma, kliniki wanasema yuko sawa. Nimsikilize nani?

Mama Nuru:
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana hata usingizi sipati. Nina binti wa miezi nane, alizaliwa njiti wiki ya 32, tulikaa hospitali tunambeba kangaruu, yaani kifuani ngozi kwa ngozi, mpaka akafikisha kilo za kuruhusiwa. Saa hizi ananyonya vizuri, uji anakunywa, anacheka na watu. Sasa wifi yangu kaniwekea kwenye simu apu ya kufuatilia ukuaji wa mtoto, unaingiza tarehe ya kuzaliwa na uzito alafu unajibu maswali anafanya nini na nini. Nikaweka kilo 6.2 ikaja nyekundu, uzito pungufu. Nikajibu hajaanza kukaa mwenyewe bila kushikwa, ikaandika yuko nyuma muone daktari. Tangu hapo ni notifikesheni kila asubuhi. Kliniki nesi aliangalia kadi akasema mama usiwe na wasiwasi anapanda vizuri, ila foleni ilikuwa ndefu hakunifafanulia. Mume wangu anasema kompyuta haikosei, mama mkwe anasema nifute hicho kitu kinanipa presha bure. Nifanyeje?

Baba Kulwa:
Pole sana dada. Msikilize bibi, futa. Hizo chati za ukuaji ambazo apu inalinganishia wamepima watoto wa kizungu wanaoshindiliwa maziwa ya kopo, wa kwetu hawezi kufanana nao hata siku moja.

nesi_wa_watoto:
Mama Nuru usifute kwanza. Nikuulize, kwenye ile apu kuna sehemu umejaza kwamba alizaliwa wiki ya 32? Naona umetaja tarehe ya kuzaliwa tu. Kama hukujaza basi inamlinganisha na mtoto aliyetimiza miezi yake yote tumboni, na huo ni uonevu kwa njiti. Mimba inahesabiwa wiki 40, wako kawahi wiki 8, kwa hiyo kwenye ukuaji mpe umri wa miezi sita. Huo ndo tunaita umri uliorekebishwa, na tunautumia mpaka mtoto afikishe miaka miwili.

Angalia hesabu inavyobadilika. Kwa chati ya WHO, Shirika la Afya Duniani, msichana wa miezi nane mstari wa chini wa uzito uko kilo 6.3, kwa hiyo 6.2 lazima ije nyekundu. Lakini wa miezi sita mstari huohuo uko kilo 5.7, wako yuko juu yake kabisa. Kukaa pia ni hivyohivyo, WHO walikuta watoto wenye afya wanaanza kukaa bila kushikwa popote kati ya karibu miezi minne na miezi tisa na kidogo, na hao hawakuwa njiti. Wako bado ana muda wake.

Ila chanjo ni umri halisi jamani, usije ukazisogeza mbele kwa sababu ya hii hesabu.

mwana_takwimu:
Nesi kamaliza kwenye umri, mi niongezee kwa Baba Kulwa kwa heshima kaka, si chati zote ziko hivyo. Za WHO zinazotumika kwenye kadi zetu zilitoka 2006, walipima watoto wa nchi sita kati ya 1997 na 2003: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Na wale waliofuatiliwa tangu kuzaliwa walikuwa wa kunyonya maziwa ya mama. Kilichoonekana ni kwamba wakipata chakula, chanjo na mama asiyevuta sigara, watoto wadogo wanakua karibu sawa, wa Accra na wa Oslo. Tukisema wa kwetu ni wadogo kiasili tunaweza kumuacha mtoto mwenye utapiamlo tukidhani ni umbo la ukoo, na hilo linanisumbua sana.

Unachosema kina ukweli kwa chati ya Marekani ya mwaka 2000, humo wengi walikuwa wa kopo, ndo maana hata wao wenyewe chini ya miaka miwili wanashauri ya WHO. Mama Nuru ingia kwenye setingi uone apu yako inatumia ipi, kama haisemi popote mi nisingeiamini.

Kuna kitu pia wengi hawakijui, WHO mwaka 2023 walitoa kipimo cha maendeleo ya watoto mpaka miaka mitatu kinaitwa GSED, kinajazwa kwenye tableti, na sehemu mojawapo walipokijaribia ni Pemba kabisa hapo kwetu. Lakini hicho ni cha kupima hali ya watoto wa nchi au wa mradi, hakimpi mtoto mmoja jina la ugonjwa. Sasa apu ya kupakua bure itampaje?

Mama Nuru:
Mungu awabariki jamani. Nimeingia, kweli kuna sehemu ya wiki za mimba imejificha chini kabisa, nimejaza na nyekundu imeondoka. Nesi samahani swali la mwisho, naweza kumpimia nyumbani kwa mizani ya kukanyaga, napanda naye alafu natoa uzito wangu?

nesi_wa_watoto:
Kwa mtoto wa kilo sita hapana mama, ile mizani inaruka gramu mia mia na hata zaidi, utaona kapungua kumbe hajapungua. Chukua namba ya kliniki, avuliwe nguo na nepi, mizani ileile kila mwezi, ndo uingize kwenye simu. Usitazame doti moja, tazama mstari unaelekea wapi. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo au ukishuka njoo usisubiri tarehe.

Na hata simu ikionyesha kijani, haya mlete haraka: alichokuwa anakiweza amekiacha, hashtuki kwa sauti, hafuati kitu kwa macho, mwili mkakamavu sana au unalegea kama kitambaa, au anatumia mkono mmoja tu. Na kwa kuwa ni njiti, macho na masikio yake yalishapimwa? Kama kwenye karatasi za kuruhusiwa haijaandikwa, ulizia kliniki ijayo, na tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa waombe waiandike kwenye kadi juu kabisa ili kila atakayempima aione.

Mama Nuru:
Masikio sikumbuki kama walimpima. Naenda nayo hiyo Jumatatu.