Binti yangu wa Gredi ya Tatu anaandika "sule" na "masiwa". Imla nimsaidieje?

Mama, Manyatta, Kisumu
Habari zenu walimu na wazazi. Binti yangu anasoma hadithi vizuri, lakini imla ya Kiswahili inamshinda. Daftari limerudi limejaa wino mwekundu: "sule", "masiwa", "nasukuru", "sawadi". Ameambiwa aandike kila neno mara kumi. Anaandika, halafu siku ya pili anarudia makosa yale yale. Nyumbani tunaongea Dholuo, na nyanya yake hajui lugha nyingine. Je, ni masikio yake au ni uzembe?

Mzazi, Nakuru
Mara kumi ni kidogo, mama. Sisi tuliandika mara hamsini mpaka mkono ukazoea. Na hapo nyumbani wekeni Dholuo kando, mzungumze naye Kiswahili tu. Lugha ya mama ndiyo inayomharibia.

Mwalimu, Kimilili, Bungoma
Dadangu, huyo mtoto si mzembe. Yatazame tena makosa yake: yote yako kwenye sh na z. Irabu hata moja hajakosea. Dholuo haina sauti hizo mbili, kwa hiyo sikio lake linapokea s, na mkono unaandika kwa uaminifu kile sikio lilichopokea. Ukimwandikisha "shule" mara hamsini, atalijua neno hilo moja. Akikutana na "shoka" anaanza upya.

Huku kwetu shida ni b, d na g. Kwa Lubukusu baba ni papa, basi watoto wanaandika "tunia" badala ya dunia, "kari" badala ya gari. Lakini mtoto huyo huyo anaandika mbuzi, ndege na ngoma bila kosa, kwa maana mb, nd na ng anazo tangu nyumbani. Mimi huanzia hapo. Tunasema mba, mba, mba, kisha tunapunguza ile m mpaka inabaki ba. Kila mtoto anaweka vidole kooni asikie linavyotetemeka. Akisema pa, koo linatulia. Chaki siigusi mpaka darasa zima lihisi tofauti hiyo.

Kwa binti yako fanya hivyo hivyo na s na z: ulimi haubadiliki, koo tu ndilo linalotetemeka kwenye z. Sh haina mtetemo, kwa hiyo mpe kioo aone midomo inavyojitokeza mbele. Kisha ingia kwenye vitate, yaani maneno yanayokaribiana kwa matamshi. Andika kwenye vipande vya katoni: saba na shaba, suka na shuka, sana na zana, kasi na kazi. Wewe tamka, yeye aonyeshe kadi. Baadaye mbadilishane, yeye atamke na wewe uonyeshe. Ukishika kadi ambayo hakuikusudia, atajua mwenyewe kwamba ulimi umeteleza. Kama sauti hizo zinakusumbua wewe pia, mwombe jirani au binamu mkubwa atamke. Imla ije mwisho, maneno matano yanatosha, na mengine yawe mageni kwake ili ujue anasikia, wala hakariri.

Ndugu wa Nakuru, hapo kwa Dholuo nakupinga kabisa. Mtaala wa umilisi wenyewe unataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Na mtoto huyu Dholuo imempa ng': mtajie ng'ombe au ng'oa uone. Watoto wengi huiangusha ile ritifaa, yaani alama ya ' baada ya ng, kwa sababu hawaisikii.

Mwalimu, Nakuru mjini
Naunga mkono. Darasani kwangu wa Kikuyu wanaandika "karamu" kwa kalamu, wa Kalenjin wanachanganya p na b, na wote wako kwenye dawati moja. Nikisahihisha imla sihesabu alama kwanza, nachora mstari chini ya herufi iliyokosewa tu. Nikimaliza najua nani akae kundi gani kesho. Mtoto akiona neno zima limekatwa, hajui alichokosea ni nini.

Mama, Manyatta, Kisumu
Asanteni sana walimu. Kioo kimemfurahisha, sh ameanza kuipata, z bado. Je, Kiingereza nacho nikifundishe hivi?

Mwalimu, Kimilili, Bungoma
Hapana, mama. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, ndiyo maana sikio linatosha. Kwenye Kiingereza sikio litampotosha: "sugar" ina sauti ya sh lakini h haimo, na "people" ina o isiyotamkwa na mtu yeyote. Huko jicho ndilo la kufundishwa. Alitazame neno, alifunike, aliandike bila kuchungulia, kisha afunue alinganishe herufi kwa herufi, na pale alipokosea apazungushie duara mwenyewe. Usivichanganye viwili kwa kikao kimoja. Kiswahili jioni hii, Kiingereza kesho. Na z usiikimbize, baki kwenye kasi na kazi mpaka akuonyeshe kadi sahihi bila kukutazama mdomo.